Umeme wa Darubini Yenye Mota: Pima Kabla ya Kuchomeka

Niliunguza saketi ya darubini yangu kwa adapta ya kompyuta mpakato. Plagi iliingia vizuri kabisa. Kumbe ilitoa volti 19, mota zikitaka 12. Sasa nasoma kwanza maandishi karibu na tundu la umeme. Volti lazima zilingane. Ampea za adapta, yaani kiasi cha mkondo inachoweza kutoa, zikizidi hakuna neno, mota huvuta inachohitaji. Zikipungua, itakwama ikizunguka kwa kasi.

Chanya huwa katikati ya plagi mara nyingi, ila usikisie: chukua mita ya kupimia volti, ncha nyekundu ndani ya plagi, nyeusi ubavuni. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, chanya na hasi zimegeuka.

Kwa betri, weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri yenyewe. Adapta ya ukutani usiilaze nyasini. Usiku wa manane huwa imelowa umande.