Likizo ya uzazi ikiisha: jinsi ya kumwachia mtoto maziwa yako

Siku 84 huisha upesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo hiyo yenye malipo (siku 100 kwa aliyejifungua pacha), na hesabu inaanza siku unayotoka kazini, hata kama bado hujajifungua. Ukitoka wiki 2 kabla, utarudi mtoto ana wiki 10, na imebaki zaidi ya miezi 3 ya kunyonya bila kupewa kitu kingine. Kama hujaigusa likizo yako ya mwaka ya siku 28, omba iunganishwe.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Andika barua wiki 3 kabla ya kuripoti, useme unataka kuzitumiaje. Anayekaa karibu na kazini aletewe mtoto au aende nyumbani. Anayekaa mbali azigawe ziwe vipindi vya kukamulia, maana saa nzima inaweza kuishia kwenye foleni. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba chenye kiti, meza, friji, umeme na pa kunawia mikono, tena kisiwe chooni. Kwingine, stoo yenye komeo inatosha.

Unahitaji kiasi gani?

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa kama mililita 25 hadi 35 kwa kila saa. Ukiondoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni, ni saa 12 mara mililita 30, yaani 360. Gawa vikopo vinne vya mililita 90, ongeza kimoja cha 60 cha akiba. Huna haja ya kujaza friza. Maziwa ya leo unayoyakamua kazini ndiyo ya kesho nyumbani. Friza ni ya siku ya kwanza na ya dharura.

Anza kukamua wiki 2 au 3 kabla ya kurudi, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, wakati matiti mengi huwa yamejaa zaidi. Mara za kwanza utapata mililita 20 au 30 tu. Usikate tamaa: mtoto ameshachukua fungu lake, hayo ni ya ziada.

Kukamua kwa mkono

Hata mwenye pampu ajue njia hii, kwa sababu pampu huharibika na umeme hukatika. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi dakika chache, kisha lipapase polepole kuelekea kwenye chuchu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu, kama herufi C. Sukuma vidole moja kwa moja kuelekea kifuani, kisha vibane pamoja, kisha legeza. Sukuma, bana, legeza. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Ukiona vinateleza, ngozi itawaka na maziwa hayatatoka. Dakika ya kwanza huenda usione kitu, halafu yanaanza kudondoka, halafu yanaruka. Yakipungua, zungusha vidole upande mwingine wa titi. Dakika 5 titi hili, dakika 5 lile, rudia. Jumla dakika 20 hadi 30. Usivute chuchu, maziwa hayakai humo.

Kwa wenye pampu, kosa linaloonekana sana ni kikombe kisicholingana na chuchu. Chuchu ikisugua kuta za bomba, kikombe ni kidogo. Sehemu nyeusi nyingi ikivutwa ndani, ni kikubwa. Kuongeza nguvu ya kuvuta hakuongezi maziwa, kunaongeza vidonda.

Kazini, kamua kila baada ya saa 3: kwa mfano saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Titi hutengeneza kadiri linavyotolewa, kwa hiyo kipindi kimoja ukikiruka kwa sababu ya kikao, kesho yake hutaona tofauti, lakini ukikiruka wiki nzima utayaona yamepungua.

Kuyatunza

Tumia chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye mfuniko, kilichooshwa kwa sabuni na maji moto kisha kikachemshwa. Bandika tarehe na saa. Kwenye joto la nyuzi 25 au chini yake, maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, usifike huko. Kwenye friji, sehemu ya nyuma na si mlangoni, ni siku 4. Kifriza kidogo kilichomo ndani ya friji ya mlango mmoja ni kama wiki 2. Friza yenye mlango wake, miezi 6.

Huna friji kazini? Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, ijaze barafu za mifuko zinazouzwa dukani, uchimbie kikopo humo. Barafu isipoyeyuka, maziwa yatafika nyumbani salama. Umeme ukikatika, usifungue friji kila dakika kuangalia. Maziwa ya friza yakiwa bado yana chembe za barafu, yanaweza kugandishwa tena. Yakishayeyuka yote, yawekwe kwenye friji na yatumike ndani ya saa 24.

Mafunzo ya anayebaki na mtoto

Hapa ndipo mpango mwingi unapovunjikia. Bibi au dada akiona tabaka zito la mafuta limeelea juu, husema yameganda na kuyamwaga. Mwonyeshe mapema: tabaka hilo ni la kawaida, zungusha kikopo taratibu litachanganyika. Maziwa yaliyoharibika hunuka uchachu. Yapashwe kwa kukiweka kikopo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kamwe si jikoni juu ya moto wala kwenye maikrowevu. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe.

Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa ya chuchu: ni rahisi kuosha, na mtoto hazoei mtiririko wa chupa. Mkalishe wima, mikono imefungwa kwa kanga asikipige. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse mdomo, basi, ngoja. Atatoa ulimi na kuyanywa mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa. Zoezi lianze wiki moja kabla, na mama atoke chumbani, maana mtoto akisikia harufu yako atadai titi.

Mtoto akinywa kidogo mchana na kunyonya usiku kucha, hajagoma. Amehamisha saa zake. Lala naye chumba kimoja, nyonyesha mara tu unapofika. Ukiambiwa umwage kwanza "maziwa ya jua" kwa sababu umetoka kwenye joto, usimwage. Maziwa hayaharibiki yakiwa kifuani. Uji wa pilipili manga na supu vinywe kwa raha, vinakupa maji na nguvu, ila havichukui nafasi ya kipindi ulichoruka.

Ya kuangalia

Nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku, na mstari wa uzito unaopanda kwenye kadi ya kliniki, ndiyo vipimo. Wingi wa maziwa kwenye kopo si kipimo.

Bonge linalouma kwenye titi: endelea kunyonyesha kama kawaida, weka kitambaa cha baridi, usilikande kwa nguvu. Likija na homa, wekundu na mwili kuuma, na halijapungua ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya. Maziwa ya titi hilo bado ni salama kwa mtoto.

Akishafika miezi 6 na kuanza uji, punguza kipindi kimoja cha kukamua, anza na cha saa 7 mchana, ukae siku 4 au 5 kabla ya kugusa kingine. Ukivikata vyote kwa mpigo, matiti yatajaa na bonge litarudi.