Somo: Kutofautisha spishi ndugu kwa nta ya majani na mafuta ya kunukia

Misonobari miwili ya magharibi mwa Marekani, Pinus ponderosa na Pinus jeffreyi, inafanana kiasi kwamba kwa muda mrefu wataalamu wa mimea waliuhesabu wa pili kuwa namna tu ya ule wa kwanza. Waliokuwa wakikeneka tapentaini California katika karne ya 19 waliijua tofauti yao kwa njia ya hatari. Utomvu wa ponderosa umejaa terpeni, dutu za kunukia za mimea, na huvumilia moto wa mtambo. Sehemu tete ya utomvu wa jeffreyi karibu yote ni heptani, kimiminika kinachoshika moto upesi mno, na mtambo uliotiwa utomvu huo uliweza kulipuka. Heptani hiyohiyo imo kwa wingi katika Pinus sabiniana. DNA ilipokuja kusomwa miaka mingi baadaye, iliuweka jeffreyi jirani na sabiniana, palepale ambapo kemia ilikuwa imeshaelekeza.

Katika somo hili nitapita njia mbili: nta inayofunika jani, na mafuta ya kunukia yaliyomo kwenye tezi zake. Nimeziweka pamoja kwa sababu watu hupenda kuchagua moja na kuitaka ijibu kila kitu, na hapo ndipo uainishaji wa kikemia unapopata sifa mbaya.

Kabla ya kugusa jani: elewa unachopima

Mmea hutengeneza asidi za mafuta kwa kuunga kaboni mbilimbili, kwa hiyo minyororo yake huwa ya idadi shufwa: 16, 18, na kuendelea hadi 30 au 32. Asidi inapogeuzwa kuwa alkani ya nta, yaani mnyororo wa kaboni na hidrojeni pekee, mnyororo hupoteza kaboni moja. Ndiyo maana alkani za majani huwa witiri: C27 (yaani yenye kaboni 27), C29, C31, C33. Unachotafuta ni ipi inatawala, na kwa uwiano gani na jirani zake. Kabichi na jamaa zake hutawaliwa na C29, ikifuatana na ketoni na alkoholi zenye kaboni hizohizo 29. Ngano yenye utando wa kijivu-samawati inao kwa sababu ya beta-diketoni. Misonobari na wenzake wa familia ya Pinaceae wana alkani haba na alkoholi nyingi iitwayo nonakosan-10-oli, ilhali katika familia ya Cupressaceae utakuta alkani ndefu, hata C33 na C35. Kazi hii ina umri: mwaka 1962 Geoffrey Eglinton na wenzake walilinganisha alkani za nta za mimea ya Visiwa vya Kanari, hasa ya familia ya Crassulaceae, ili kuona zinasema nini kuhusu undugu wao.

Mafuta ya kunukia ni habari nyingine. Molekuli zake ni ndogo, nyingi zina kaboni 10 au 15, na kila moja hutegemea kimeng'enya chake. Badiliko katika jeni moja tu laweza kugeuza harufu ya mmea mzima. Kusini mwa Ufaransa, Thymus vulgaris ina aina sita za kikemia ndani ya spishi hiyohiyo moja: ya timoli, ya karvakroli, ya linaloli, ya geranioli, ya alfa-terpineoli na ya thujanoli. Mimea ya aina mbili yaweza kuota kwenye mlima mmoja, na aliyechuma mmoja huku na mmoja kule angeweza kuandika spishi mbili ambazo hazipo.

Msimamo wangu basi ni huu: nta itumie kupanga makundi ndani ya jenasi na familia, mafuta yatumie kwa ndugu wa karibu sana, machotara na idadi za mimea za mahali mbalimbali. Na usitangaze tofauti kati ya spishi mbili kabla hujapima tofauti iliyomo ndani ya kila moja.

Hatua ya 1: Kukusanya sampuli

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayoirekebisha baadaye. Chukua mimea mingi, mmojammoja, kila mmoja na namba yake. Usichanganye majani ya mimea kumi kwenye mfuko mmoja ukaita hiyo sampuli ya spishi. Mimea kumi kwa kila mahali, na mahali kadhaa kwa kila spishi, ndicho kiwango ambacho binafsi nisingependa kushuka chini yake.

Majani yawe ya rika moja. Jani changa na jani kuukuu la mti uleule hutofautiana kwa nta na kwa mafuta, na mmea uliokwisha kutoa maua si sawa na ule ambao bado. Vuna katika msimu mmoja na saa zinazokaribiana. Kwa kila mmea bana tawi moja, likaushe, ulihifadhi kwenye hebaria likiwa na namba ileile. Jina la spishi likija kubadilika, tawi hilo ndilo litakaloiokoa data yako.

Hatua ya 2: Kutoa nta

Shika jani bichi kwa koleo, ulitumbukize kwenye heksani au diklorometani kwa sekunde 30 hivi. Kikonyo au ukingo uliokatwa ubaki nje ya kiyeyushi, la sivyo mafuta ya ndani ya seli yatatoka pamoja na nta. Kazi hii ifanyike ndani ya kabati la kuvuta mvuke, mikono ikiwa na glavu. Chuja, kausha kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji, punguza kiyeyushi kwa mkondo wa nitrojeni. Kisha pitisha kwenye safu ndogo ya silika kwa heksani: alkani hutangulia kutoka, alkoholi na ketoni hubaki nyuma hadi uzitoe kwa kiyeyushi chenye ncha zaidi (ambacho chaji za molekuli zake hazijasambaa sawasawa). Alkoholi na asidi zigeuzwe kwanza kwa BSTFA, kitendanishi kinachozifanya ziwe tete zaidi, ndipo ziingie kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha dutu na kuchora kila moja kama kilele kwenye chati.

Jihadhari na uchafu. Vidole huacha skwaleni. Plastiki hutoa fthaleti. Ile filamu laini ya kuzibia vichupa ina parafini, na parafini ni alkani kama unazozitafuta! Dalili yake iko wazi ukiijua: kwenye chati utaona vilele vya C24, C25, C26, C27 na kuendelea vikipanda na kushuka taratibu kama mgongo wa kilima, shufwa na witiri zikiwa karibu sawa. Nta ya jani haifanyi hivyo. Yenyewe huruka: kilele kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Ukiuona ule mgongo laini, tupa sampuli hiyo uoshe vyombo. Ni vizuri pia kila mara kuendesha sampuli tupu, yaani kiyeyushi kilichopita hatua zote bila jani.

Hatua ya 3: Kukeneka mafuta

Chombo cha Clevenger, kilichobuniwa mwaka 1928, bado kinatosha. Weka majani na maji, chemsha kwa saa tatu, mafuta yajikusanye juu ya maji kwenye bomba lenye vipimo. Muda uwe uleule kwa sampuli zote, kwa sababu molekuli nyepesi hutoka mapema na nzito huchelewa. Kausha kwa salfeti ya sodiamu, hifadhi kwenye kichupa cheusi, baridini.

Ufahamu pia kwamba moto hubadilisha vitu. Sabineni-hidrati ikichemshwa na maji hugeuka kwa sehemu kuwa terpinen-4-oli. Jemakreni A hugeuka beta-elemeni ikikutana na joto la sehemu ya mashine ya kuingizia sampuli. Kwa hiyo beta-elemeni nyingi kwenye orodha yako haithibitishi kwamba mmea wenyewe ndio ulioitengeneza.

Hatua ya 4: Kusoma chati

Usiiamini maktaba ya kompyuta peke yake. Timoli na karvakroli zina uzito mmoja na spektra za masi (alama za vipande vya molekuli) zinazokaribia kuwa pacha, na programu itakupa jina lolote kati ya hayo mawili kwa uhakika wa asilimia tisini na kitu. Kinachozitenganisha ni fahirisi ya ukawiaji: pima alkani za kawaida kwa masharti yaleyale, kisha ukokotoe kila kilele kimeangukia wapi kati yake. Kwenye safu (bomba jembamba la ndani ya mashine) isiyo na ncha, ya aina ya DB-5, timoli huangukia takriban 1290 na karvakroli takriban 1299. Tofauti ni ndogo, ila haitetereki.

Limoneni na 1,8-sineoli ni kesi ngumu zaidi, kwani kwenye safu hiyohiyo hutoka karibu pamoja, takriban 1029 na 1031, na mara nyingi utaona kilele kimoja chenye bega. Pitisha sampuli kwenye safu yenye ncha pia. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu katika jenasi kama Eucalyptus kiasi cha sineoli ni sifa inayotegemewa tangu wanasayansi Baker na Smith walipotoa utafiti wao Sydney mwaka 1902.

Hatua ya 5: Hesabu

Asilimia za mafuta hujumlika kuwa 100, hivyo kitu kimoja kikipanda vingine lazima vishuke hata kama mmea haukuvipunguza. Badili data kuwa logi za uwiano, mbinu ambayo mtakwimu Aitchison aliieleza mwaka 1982, ndipo uchambue vipengele vikuu (kufupisha vipimo vingi kuwa vichache) au uchore mti wa makundi. Angalia pia njia za uundaji: dutu tatu zinazotoka kwa kimeng'enya kimoja ni ushahidi mmoja, si mitatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Chuoni kwetu hakuna mashine ya kromatografia ya gesi. Je, vibao vya silika, vinavyotenganisha dutu kwa kiyeyushi kinachopanda juu yake, vinatosha?

Jibu: Marahaba. Vinatosha kuanzia, hasa kwa mafuta. Tumia heksani iliyochanganywa na ethili asetati kidogo, kisha nyunyiza vanilini yenye asidi ya salfuriki na upashe joto. Terpeni zitatoka kwa rangi tofauti, na aina za kikemia zilizo mbali utazitambua kwa macho. Kwa nta, kibao kitakuonyesha makundi tu: alkani, ketoni, alkoholi. Hakitatenganisha C29 na C31, zote zitapanda pamoja hadi juu. Tumia vibao kuchagua sampuli zinazostahili kupelekwa kwenye maabara yenye mashine.

Swali: Nimekuta eujenoli kwenye mrehani na nimesoma kwamba karafuu nayo imejaa eujenoli. Ina maana wana undugu?

Jibu: Hapana. Mkarafuu ni wa familia ya Myrtaceae, mrehani ni wa Lamiaceae, na kila upande umeifikia dutu hiyo kwa njia yake. Isitoshe, kuna mirehani ya Ocimum basilicum yenye linaloli nyingi, mingine methili-chavikoli, mingine methili-sinamati. Dutu moja haijengi ukoo. Linganisha mchanganyiko mzima, tena ndani ya kundi ambalo tayari una sababu nyingine ya kuliona kuwa la ndugu.

Swali: Majani makavu ya hebaria, ya miaka mingi, yanafaa?

Jibu: Kwa alkani za nta, ndiyo. Ni dutu ngumu kuoza, hupatikana hata kwenye tope la kale la maziwa. Uliza tu kwanza kama sampuli zilitiwa dawa ya wadudu au gundi, na ukate kipande kidogo kwa idhini ya mtunzaji. Kwa mafuta ya kunukia niwe mkali kidogo: molekuli za kaboni 10 hupotea kwanza, kwa hiyo jani kavu usililinganishe na bichi. Kavu kwa kavu ya umri mmoja, hapo tunaweza kuzungumza.

Swali: Mwalimu, mimi nashuku chotara kati ya spishi mbili, kwa sababu majani yake yako katikati. Mafuta yataamua?

Jibu: Yatasaidia sana, na mfano mzuri upo. Kwa umbo la mimea ilidaiwa kwamba Juniperus ashei na Juniperus virginiana zimechanganyika katika eneo pana la Marekani. Flake, von Rudloff na Turner wakapima terpeni za virginiana kwa kufuata mstari mrefu wa maeneo, wakachapisha mwaka 1969: hawakuona mchanganyiko. Waliona virginiana yenyewe ikibadilika taratibu kadiri unavyosafiri. Nawe fanya hivyo. Pima wazazi wote wawili mahali wasipokutana, kisha mahali wanapokutana. Pia usitarajie chotara awe katikati kwa kila dutu. Sifa nyingi za terpeni hurithiwa kwa utawala wa jeni moja, hivyo atamfuata mzazi mmoja hapa na mwingine pale.

Swali: Samahani kwa kubisha. DNA ipo siku hizi. Kwa nini tujisumbue na kukeneka?

Jibu: Bisha tu, ni swali la haki. Ukitaka mti wa ukoo peke yake, anza na DNA. Lakini DNA ya kloroplasti kwa kawaida hufuata mzazi mmoja, na chotara anaweza kukupita bila kumwona. Zaidi ya hapo, anayetaka kujua ni mmea upi upandwe kwa timoli, au kwa nini wadudu wanaukwepa huu na kuula ule, jibu lake liko kwenye tezi na kwenye nta. Kwenye mimea ileile uliyoipa namba, toa vipande viwili vya jani: kimoja kwenye jeli ya silika kwa ajili ya DNA, kingine kwa kemia. Ramani zikipingana usifute mojawapo. Rudi kwenye matawi uliyoyabana, uyatazame upya yale yaliyoangukia upande tofauti.