Kabla Hujanunua Ndege Kuukuu Mombasa

Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ilianza kuundwa 1956, ikasimama 1986, ikarudi kiwandani 1996. Zile ambazo bei yake inavutia huwa za kabla ya kusimama huko. Umri wenyewe usikutishe, maana ndege inayotunzwa huruka miaka na miaka. Cha kuuliza kwanza ni imelala wapi, na imeruka mara ngapi karibuni.

Kwetu Pwani swali hilo ni zito. Kusi huleta chumvi na unyevu, na ndege iliyoachwa nje huliwa taratibu. Alumini haioti kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, na rangi huvimba vipele kandokando ya riveti. Lala chini ya bawa na tochi, pitisha kidole kwenye bawaba za flapu (vibao vinavyoshuka nyuma ya bawa) na maungio ya mabati, kisha omba vifuniko vifunguliwe uone ndani. Rangi mpya inayong'aa kwenye ndege ya miaka ya 1970 hunitia shaka kuliko iliyopauka, mpaka nijue ilipakwa juu ya nini.

Injini nayo isikuhadae kwa saa chache. Kwenye injini nyingi za Lycoming kamshafti (mhimili unaosukuma tapeti ili vali zifunguke) iko juu ya kranki, mhimili mkuu unaozungusha propela. Ndege ikikaa wiki kadhaa bila kuruka, oili huteremka, chuma hubaki kikavu na unyevu hukivamia. Siku ikiwashwa, kutu ile husaga kamshafti na tapeti zake. Ndiyo maana fundi akate filta ya oili, aitandaze karatasi yake mwangani na kutafuta vimetameta vya chuma. Apime pia kompresheni, yaani mbano wa hewa, ya kila silinda. Lycoming inapendekeza injini yake ya O-320, kwa mfano, ifumuliwe na kutengenezwa upya kila saa 2,000 za kuruka au miaka 12, kitakachotangulia. Ya saa 400 iliyokaa miaka 20 si injini changa hata kidogo.

Fundi huyo mlete wewe, asiwe wa muuzaji. Apitie vitabu vya ndege, vya injini na vya propela tangu mwanzo, pamoja na maagizo ya lazima ya usalama. Kitabu kilichopotea kishushe bei, au uondoke. Kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hakikisha jina la mwenye ndege ni la huyo unayempa pesa.

Bima na ada za kuegesha ziulizie mapema. Uliza pia avgas, petroli ya ndege, ile ya samawati, utaipata wapi na kwa bei gani. Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, haifai kabisa kwa injini hizi.

Hanga litafute kabla ya kutia saini, tena jipangie kuruka angalau nusu saa kila wiki mbili, oili ipate moto vizuri maji yatoke. Kuiwasha chini dakika tano na kuizima huiongezea maji ndani, na ni afadhali uiache imezimwa.