Somo: Kumpata mdaka nzi mkia mrefu bila kutoka kihambani

Wengi mnaniuliza aanzie wapi kutazama ndege mtu asiye na hela ya kwenda mbugani. Aanzie chini ya migomba yake. Mdaka nzi mkia mrefu, kitaalamu Terpsiphone viridis, yupo vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa, yupo msitu wa Rau hapa Moshi, yupo hata bustani za mjini zenye miti mikubwa. Kwa uzito hamfikii shomoro, ila dume ana mkia unaoupita mwili wake kwa urefu. Mgongo na mkia ni mwekundu wa udongo uliolowa, kichwa cheusi chenye mng'ao na kishungi, na jicho limezungushiwa duara la buluu. Jike ana mkia mfupi, ndiyo maana watu humpita.

Hatua ya 1. Darubini iache mfukoni, tega sikio. Mwito wake ni mkavu, wa kukwaruza, "zwii-zwek", kama mtu aliyeudhiwa. Kisha hufuata mluzi mtamu unaotiririka.

Hatua ya 2. Tafuta kivuli chenye wadudu. Kando ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, chini ya mti wa kivuli kama mringaringa, asubuhi jua likipenya, pananifaa kuliko pengine popote.

Hatua ya 3. Kaa. Usimfuate! Ana vitawi vyake anavyovipenda: huruka, hugeuka hewani mkia ukijipinda kama utepe, hunasa nzi au nondo, kisha hurudi jirani na pale alipotoka. Ukishavijua hivyo vitawi, unamngoja yeye badala ya kumkimbiza.

Hatua ya 4. Kiota. Hapa ndipo utamu ulipo. Ni kikombe kidogo, kama kile cha kahawa chungu, kwenye panda ya kitawi chembamba, mara nyingi juu ya maji. Hukisuka kwa nyuzi za magome na vijizizi, hukifunga kwa utando wa buibui, kisha nje hubandika yale mabaka ya kijivu yanayoota kwenye magome, hadi kiota kionekane kifundo cha mti. Mimi mwenyewe mwaka juzi nikipogoa mibuni nilikata tawi, likaanguka na mayai mawili yenye madoa mekundu. Tangu siku hiyo nachunguza kwanza, ndipo nashika msumeno.

Ukikiona, rudi nyuma hatua kumi. Picha moja ya mbali yatosha.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Nimeona mwenye mkia mrefu amelala kwenye kiota. Dume naye anaatamia?*
Marahaba. Ndiyo, hupokezana na mkewe kwa karibu wiki mbili, na vifaranga huvilisha wote wawili. Mkia wake hauenei kwenye kikombe kile, ndiyo maana uliuona unaning'inia nje.

*Mimi huku tambarare, njia ya Same, nimemwona mweupe mgongo na mkia. Ni aina nyingine?*
Hapana, kaka, ni huyo huyo. Madume wengine huwa weupe hivyo, hasa sehemu kavu za Afrika Mashariki. Umebahatika, mimi kihambani kwangu sijampata.

*Mwalimu, niko Arusha upande wa Meru. Wangu ni wa kijivu, ana kama miwani myeupe, halafu jioni anashuka chini kwenye nyasi.*
Huyo ni mwingine, dada, Melaenornis fischeri. Naye anadaka nzi, ila ni mkazi wa milimani. Mkia mrefu usiutafute kwake.

*Tukipiga dawa ya wadudu kwenye kahawa, tunamdhuru?*
Unamnyang'anya chakula, na wadudu waliokwisha kulewa dawa ndio rahisi kunaswa. Ukilazimika kupiga, angalia kwanza kama kuna kiota. Kikiwa na makinda, subiri: hawakai humo hata wiki mbili.

*Naweza kumfuga?*
Hapana. Anataka wadudu wanaoruka, kutwa nzima. Mwachie mringaringa wako usimame.