Pikipiki ya kwanza: jinsi ya kuichagua ukiwa Mtwara au Lindi

Anayeanza kuendesha huuliza kwanza habari ya cc, yaani ukubwa wa injini. Uliza kwanza pikipiki itapita wapi, na je, miguu yako inafika chini? Anayekaa Shangani na kwenda Mikindani kila siku yuko kwenye lami muda wote. Wa Tandahimba au Newala huingia mchanga mlaini kabla hajafika kwenye mikorosho yake. Wa Liwale ana vumbi wakati wa kiangazi na tope mvua zikishika. Pikipiki inayomfaa mmoja huenda ikamwangusha mwingine.

1. Uzito na kimo

Kwa mwanzo, cc 100 hadi 125 zinatosha. Boxer BM 100 na TVS HLX 125 zimejaa mkoani, na uzito wake haupiti sana kilo 115. Cc 150 hupanda mlima vizuri zaidi ukiwa na abiria nyuma, na kwa anayeishi juu ya uwanda wa Makonde hilo lina maana. Lakini anayejifunza huanguka akiwa amesimama au akigeuza taratibu, si akiwa mbio, na hapo ndipo kila kilo ya ziada inapomlemea.

Kaa kwenye kiti ukiwa na viatu utakavyovaa kila siku. Nyayo za mbele za miguu yote miwili ziguse chini. Ilaze kidogo kushoto kisha uisimamishe, halafu kulia. Shuka, uisukume hatua kumi, uirudishe kinyumenyume. Ukishindwa kwenye sakafu ya duka, kwenye mchanga wa Kitangari utashindwa zaidi. Honda XL 125 na Yamaha DT 125 hupita vizuri njia mbaya, ila viti vyake viko juu. Mtu mfupi aziache kwa sasa.

Uliza pia mpangilio wa gia. Kuna pikipiki ambazo gia zote hukanyagwa mbele, na nyingine gia ya kwanza iko chini na zilizobaki juu. Jifunzie kwenye mpangilio uleule utakaoutumia.

2. Spea na fundi

Kabla ya kupenda rangi, nenda duka la spea lililo karibu na nyumbani kwako, siyo la mjini, uulize kebo ya klachi, klachi pleti na seti ya breki za nyuma za pikipiki unayoitaka. Vikikosekana viwili kati ya hivyo, chagua aina nyingine. Chukua yenye kiki pamoja na stata: betri ikifa porini, kiki itakurudisha. Yenye kabureta inafaa kwa vijijini, maana fundi yeyote huifungua na kuisafisha.

3. Ya mkononi: fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishwe. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyochoka huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi na moto huficha ugonjwa huo.

Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga kiki polepole. Lazima ukutane na ukinzani wa wazi. Ikishuka bure, ringi za pistoni au valvu zimekwisha.

Iwashe, kisha simama nyuma ya bomba la moshi. Mvuke mweupe mwepesi unaokatika baada ya dakika chache ni unyevu tu. Moshi wa bluu unaoendelea injini ikishapata moto maana yake inakula oili: ukizidi unapoongeza mafuta, shaka iende kwenye ringi, ukitoka mara moja baada ya kushuka mteremko kisha ukaongeza mafuta, shaka iende kwenye sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi, mara nyingi kabureta au chujio la hewa lililoziba, na hilo ni tatizo dogo. DT isikutishe kwa moshi, yenyewe huchoma oili kwa maumbile yake.

Sikiliza. Tiki-tiki nyepesi juu ya injini ni valvu zinazotaka kurekebishwa, kazi ya muda mfupi. Mlio mzito wa ko-ko-ko kutoka chini, unaoongezeka ukiongeza mafuta, ni krenki, mhimili mkuu ndani ya injini: ondoka. Zima, chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Oili nzito kupita kiasi huwekwa makusudi ili kunyamazisha injini.

4. Fremu na magurudumu

Pikipiki nyingi za mkononi huku zimebeba magunia ya korosho au ndoo za samaki, na kila mzigo huacha alama zake. Magunia hupasua fremu chini ya kiti na pale keria inapofungwa: inua kiti, tafuta ulehemu mpya uliofunikwa kwa rangi. Maji ya chumvi ya samaki hula rimu ya nyuma, njiti (spoki) zake, na swingi amu, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwa ndani. Gonga kila njiti kwa spana. Inayotoa sauti butu imelegea. Za pwani, kama Kilwa Masoko na Msimbati, zikaguliwe kutu kwa makini zaidi, hata zile ambazo hazijawahi kubeba samaki.

Simama mita tatu nyuma yake, uangalie kama magurudumu yako mstari mmoja. Iweke stendi ya katikati, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, geuza usukani polepole. Ukikwama kidogo pale katikati, beringi za usukani zimekufa. Shika gurudumu la nyuma, litikise kushoto na kulia: likicheza, ni bushi za swingi amu au beringi za gurudumu.

Meno ya sproketi yakiinama upande mmoja kama pezi la papa, hesabu seti nzima, cheni pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno mabovu huisha haraka. Nati ya kukazia breki ya nyuma ikiwa imefika mwisho wa uzi wake, breki zimekwisha.

5. Kadi kabla ya pesa

Linganisha namba ya chesesi kwenye shingo ya usukani, namba ya injini na zile za kwenye kadi, herufi kwa herufi. Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya ni sababu tosha ya kuacha. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Jihadhari hasa na pikipiki ya mkataba: dereva analipa hesabu kila siku lakini mwenye mali bado ni tajiri wake, na akiuza hana alichokuuzia. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya usajili. Andikishaneni mbele ya mwanasheria, kisha mkabadilishe umiliki TRA. Usiridhike na karatasi ya mkono.

Msimu nao una neno. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakiingia, wanunuzi huwa wengi na subira huwa haba. Mwenye uwezo wa kungoja anunue kabla ya hapo.

6. Siku ya kwanza nyumbani

Mwaga oili yote, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Weka 20W-50, karibu lita 1 kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu, ukihakikisha kwa kijiti au kioo chake pikipiki ikiwa imesimama wima. Safisha chujio la hewa, maana mchanga ukipita hapo husaga silinda. Cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati. Upepo wa tairi, kwa kipimo cha psi: mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Wengine hupunguza upepo sana ili wapite mchangani. Tairi huteleza kwenye rimu, tyubu huvutwa na valvu yake hukatika.

Leseni ya kujifunzia, bima na kofia ngumu viwe tayari kabla hujatoka uani.