Namna ya kuisoma ramani ya Aksai Chin

Aksai Chin ni eneo la nyanda za juu linaloshikiliwa na China na kudaiwa na India. Usianze na mipaka. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hukimbilia mistari, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na maji. Utafute mto Shyok, unaoingia mto Indus, kisha uangalie mashariki yake: Galwan unashuka kutoka Aksai Chin na kuungana nao. Kusini zaidi kuna ziwa Pangong, jembamba, refu, la maji ya chumvi, zaidi ya meta 4,200 juu ya usawa wa bahari. Magharibi yake ni Ladakh ya India. Mashariki ni Tibet ya China.

Halafu ifuate barabara ya G219. China iliikamilisha mwaka 1957 kuunganisha Xinjiang na Tibet, nayo inakatiza Aksai Chin. Ukiiona hiyo, vita vya 1962 kati ya China na India havihitaji maelezo mengi.

Kwenye makazi uwe mwangalifu, maana nukta zote zinafanana. Chushul na Demchok ni vijiji. Daulat Beg Oldi ni kambi ya jeshi na uwanja wa ndege, karibu na Kipito cha Karakoram chenye meta 5,540. Kibo ni meta 5,895, basi pima mwenyewe hewa ya huko.

Sasa ndiyo utazame mistari, na usome kwanza ramani imechapishwa wapi. Ya India huiweka Aksai Chin yote ndani ya Ladakh. Ya China huiweka kwake. Mimi huzibandika zote mbili ubaoni.