Chanjo imetoka nje: ikague hivi kabla ya sindano

Kwenye kliniki za Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, mama anayesita huwa anauliza mambo mawili tu: hii imetoka wapi, na nani wa kwetu ameiangalia? Ni maswali halali. Muuguzi anayejibu kwa ukali anafukuza watu kliniki kuliko uvumi wenyewe.

Anza na kichupa, si boksi. Omba ukione, usome jina la chanjo, mtengenezaji, tarehe ya kwisha muda na namba ya toleo. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote: likitokea tatizo, ndiyo itakayoonyesha vichupa vingine vya kundi lilelile vilipelekwa wapi. Kama kadi ya kliniki haina nafasi yake, iandike pembeni au piga picha ya lebo kwa simu.

Kibali kinatolewa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Orodha ya bidhaa zilizosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Tafuta kwa jina la lebo, si kwa jina la mtaani kama "chanjo ya surua". Mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, mamlaka hiyo ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, kati ya nne. Usichanganye usajili na kibali cha dharura. Chanjo ya Johnson & Johnson iliyofika Dar Julai 2021 ilikuwa imeorodheshwa na Shirika hilo kwa matumizi ya dharura Machi mwaka huohuo. Uliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Jibu la "imepitishwa" halitoshi.

Sasa joto, maana chanjo nzuri huharibikia njiani. Nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye vichupa vingi utaona duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inatumika. Ukilingana nalo kwa rangi au ukiwa mweusi zaidi, haitumiki, hata kama tarehe haijapita.

Kuna kitu alama hiyo haisemi: kuganda. Chanjo ya pentavalenti (magonjwa matano kwa sindano moja), ya nimonia, ya pepopunda na ya HPV (virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi) huharibika zikiganda, na hili hutokea kichupa kikigusana na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Barafu iachwe kwanza nje mpaka ukiitikisa usikie maji ndani. Kichupa kinachoshukiwa hulinganishwa na kingine cha toleo hilohilo kilichogandishwa makusudi na kuyeyuka: vyote viwili hutikiswa, kisha huwekwa mezani. Kinachoshukiwa kikitua haraka sawa na mwenzake, kitupwe. Hii ni kazi ya muuguzi, lakini mzazi ana haki ya kuuliza. Chanjo za surua na BCG (ya kifua kikuu) zikishachanganywa na maji yake zisizidi saa 6.

Baada ya sindano usiondoke haraka. Subiri dakika 15 hadi 30. Kisha jua ratiba ya maudhi, maana hapo ndipo uvumi huzaliwa. Homa ya pentavalenti huja ndani ya siku moja au mbili. Ya surua huchelewa, takriban siku 7 hadi 12, na wengi hulaumu maji au meno. BCG hutoa kidonda kidogo begani baada ya wiki chache. Usikipake kitu, wala mafuta ya bibi. Degedege, uso kuvimba au kupumua kwa shida ni hospitali papo hapo.

Ukiripoti kituoni au TMDA, taja chanjo, namba ya toleo, saa ya sindano na saa dalili zilipoanza. Ripoti ya "mtoto aliumwa baada ya chanjo" haichunguziki.